Kufufua bodi ya Datsun 240Z iliyoliwa na kutu, nyumbani Tanga

Gari lilikuwa limekaa miaka 11 chini ya mwarobaini, uani kwa marehemu mjomba, Raskazone, mahali ambapo usiku ukitulia unasikia mawimbi. Turubai lilikuwa limeoza. Kwa mbali umbo lilikuwa lile lile: pua ndefu, mgongo unaoteremka hadi kwenye taa za nyuma. Nikachukua bisibisi nikaigusa ile pembe ya chini iliyo kati ya mlango na gurudumu la nyuma. Sikusukuma, niligusa tu, ikazama hadi kwenye mpini. Nilipoichomoa, kiganjani nikabaki na magamba ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, kama majani ya chai yaliyogandamana.

Kijana wa leo akiliona hilo, anaona gari kuukuu la milango miwili. Waliosimama kandokando ya barabara za vumbi enzi za Safari ya Afrika Mashariki, yale mashindano ya mbio za magari, wanalijua vingine: 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mjomba alilinunua kwa sababu hiyo, na hakuwahi kuliita jina jingine ila "Safari". Sikuwa tayari kuliona likikatwa kwenda kuuzwa kwa kilo.

Ninayoyaandika hapa ni ya bodi peke yake. Injini ukiikosea utaifungua tena. Bodi ukiikosea, kutu inaendelea kula kimya kimya chini ya rangi mpya, nawe unakuja kujua baada ya masika mbili. Mimi kazi ilinichukua miezi mingi ya Jumamosi na Jumapili, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya rangi wala puti, ule mchanganyiko wa kujazia mabonde ya bodi. Ilikuwa ya kufuata maji: yanaingilia wapi, yanakaa wapi, yanashindwa kutokea wapi. Huku kwetu pwani, maji hayo yanabeba chumvi.

Chunguza kabla ya kukata

Beba bisibisi, tochi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Sumaku ikishika bati vizuri, hapo pana chuma. Ikiteleza, hapo pana puti, na chini ya puti nene karibu kila mara pana shimo. Kwenye upinde wa gurudumu la nyuma la kushoto sumaku yangu haikushika kabisa. Nilipopasua, nilikuta puti yenye unene wa kidole, na nyuma yake magazeti yaliyoviringishwa na kushindiliwa, bado yana unyevu. Fundi aliyefanya kazi ile zamani alimpa mjomba gari linalong'aa, na sponji ya kunywea maji.

240Z haina chesi inayojitegemea kama pikapu, yaani fremu ya chuma iliyo peke yake chini ya bodi. Sakafu, vizingiti vya chini ya milango, nguzo na zile reli mbili zilizochomelewa chini ya sakafu ndizo zinazobeba gari zima. Kwa hiyo kutu ya sakafu hapa si suala la urembo. Kagua reli hizo kwa urefu wake wote, kisha kisahani cha betri, maana asidi inayovuja hula bati lililo chini yake. Kagua vizingiti, ile pembe ya nyuma ya mlango, pinde za magurudumu ya nyuma, kidimbwi cha gurudumu la akiba, na bati la nyuma chini ya mlango wa buti. Mwisho kagua sehemu inayosahaulika kuliko zote: lile sanduku la kuvutia hewa lililo chini ya kioo cha mbele. Majani huingia pale, yanaoza, yanaziba njia za maji, na maji yanaanza kudondokea miguuni kwa abiria. Ukiona sakafu ya mbele imetoboka, usiilaumu sakafu kwanza. Mimina kikombe cha maji chini ya kioo utazame yanakotokea.

Piga picha za kila kitu. Pima milango yote miwili kwa mshazari, kutoka bawaba ya juu hadi kishikio cha kufuli, na pima nafasi iliyopo kati ya mlango na bodi juu, katikati na chini. Andika vipimo ukutani kwa makaa kama huna daftari. Baadaye, gari likiwa limekatwa sakafu, vipimo hivyo ndivyo vitakavyokuambia kama limepinda.

Mahali na majira

Banda la makuti linapendeza na lina kivuli, lakini cheche ya grainda husafiri mita kadhaa na makuti hayasamehe. Nilifanya kazi chini ya mabati, sakafu ya saruji, ndoo mbili za mchanga na mtungi wa kuzimia moto karibu na mkono. Tangi la petroli lilitoka siku ya kwanza likapelekwa mbali. Na usimruhusu mtu yeyote kuchomelea tangi lililowahi kutiwa petroli, hata kama limekaa tupu mwaka mzima, kwa sababu mvuke unaobaki ndani unalipuka.

Upande wa bandani unaotazama bahari niliuziba kwa turubai. Upepo wa mchana kutoka baharini unaleta chumvi hewani, na bati lililosuguliwa hadi kuwa jeupe linaweza kubadilika rangi kabla hujamaliza chakula cha mchana. Kwa majira, nilianza Juni masika ilipokwisha, nikalenga rangi ya mwisho iangukie Januari na Februari ya mwaka uliofuata, kaskazi inapovuma na mvua ni chache. Vuli ikikukuta, fanya kazi za kufunika na kuchomelea, usiguse rangi.

Kufungua

Hapa sina mengi. Chomoa betri. Fungua bampa, taa, vioo, viti, mikeka, boneti, milango. Madigadi ya mbele kwenye gari hili yamefungwa kwa bolti, hivyo yanatoka bila kukatwa. Yale ya nyuma yamechomelewa. Bolti za kila kitu zitie kwenye mfuko wake na uandike jina. Bolti zilizogoma zipake mafuta ya kupenya jioni, asubuhi uzigonge kidogo kwa nyundo kabla ya spana. Ukilazimisha, utakata kichwa na kujiongezea siku nzima.

Kuosha chumvi

Hapa ndipo watu wengi wa pwani wanapoteza kazi yao, nami pia nilikuwa nakaribia kuipoteza. Nilisugua sakafu kwa brashi ya waya hadi ikang'aa, nikataka kupiga praima, ile rangi ya kwanza ya chini, siku hiyo hiyo. Mzee mmoja, fundi bodi wa siku nyingi kutoka Ngamiani, alikuwa amepita kunijulia hali. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye bati. Akaomba maji, akaloweka kitambaa, akafuta kona moja, akaniambia: "Mwanangu, liache hivi hivi mpaka kesho. Kama ni chuma kitupu, utaona."

Asubuhi kona ile ilikuwa na vidoa vidogo vya rangi ya chungwa, kimoja kimoja, kama mtu amenyunyiza pilipili. Vile vidoa ndiyo chumvi. Kutu ya pwani haikai juu ya bati tu, inachimba vishimo, na chumvi inakaa ndani ya vishimo hivyo. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, hata siku isiyo na mvua. Ukiifunika kwa rangi umeifungia ndani na chakula chake.

Kwa hiyo osha. Anza kwa maji ya moto na sabuni kuondoa grisi, kwa sababu ukisugua bati lenye grisi unaipaka ndani ya mikwaruzo. Sugua kwa brashi ya waya. Osha tena. Kausha, sugua, osha tena. Maji unayotumia ni muhimu mno: visima vingi vya karibu na bahari vina chumvichumvi, na ukioshea maji hayo unarudisha ulichokitoa. Nilitumia maji ya mvua niliyokinga kwenye pipa tangu masika, na yalipokwisha nikatumia ya bomba. Baada ya kila mwosho fanya jaribio la yule mzee. Sakafu yangu ilihitaji miosho minne kabla vidoa havijakoma.

Mtu atakushauri upige bati kwa mchanga wa kompresa. Kwenye chuma kinene ni njia nzuri, lakini bati la nje la gari hili ni jembamba, karibu milimita 0.8, na linapinda kwa joto na kishindo cha mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi yake, na vumbi la mchanga likiingia kwenye mapafu halitoki. Kwa vitu vidogo vya chuma, yaani bawaba, vishikio na bolti, kuna njia ya upole niliyoipenda sana: molasi ile inayouzwa kwa chakula cha ng'ombe. Changanya sehemu 1 ya molasi na 9 za maji kwenye ndoo, tumbukiza, funika, acha wiki moja au mbili. Inanuka, lakini kutu inatoka na chuma kinabaki. Usitie kitu cha aluminiamu humo, italiwa.

Kutegemeza, kisha kukata

Gari lisilo na chesi ukilikata kizingiti likiwa limeinuliwa vibaya, linajikunja katikati na milango haitafunga tena. Liweke juu ya stendi nne chini ya sehemu zinazobeba miguu ya magurudumu, sakafu ya banda ikiwa sawa kwa pima maji. Chomelea skweya paipu kuvuka uwazi wa kila mlango, moja juu, moja chini, na nyingine kwa mshazari. Rudisha mlango, pima, linganisha na yale ya ukutani. Ndipo ukate, tena upande mmoja kwa wakati. Usikate vizingiti vyote viwili kwa pamoja hata kama umechoka na unataka kumaliza.

Kata hadi ukutane na chuma kizima, kisha ongeza sentimita 2. Bati lililoliwa upande wa nyuma linadanganya: juu ni zima, chini ni jembamba kama karatasi, na ukilichomelea linayeyuka kila unapogusa. Kama linatoboka, maana yake bado hujafika. Rudi ukate.

Kwa viraka, kata kwanza boksi la karatasi gumu hadi likae sawasawa, ndipo uhamishie umbo kwenye bati. Pembe zote zifanye za mviringo, maana pembe kali huanza ufa. Kwa bati la nje nilitumia geji 20, karibu milimita 0.9. Kwa sakafu na reli geji 18, karibu milimita 1.2. Usitumie mabati ya kuezekea. Ni mepesi mno, na moshi wa zinki unapoyachomelea unaleta homa na kutetemeka usiku huo huo. Bati lolote lenye zinki, liondoe zinki pembezoni kwanza na ufanyie kazi mahali penye upepo.

Kuchomelea

Mashine ya koili inayochomelea mageti mitaani haifai kwa bati la nje. Itatoboa. Tafuta mashine ya waya yenye gesi, waya wa milimita 0.6. Kama huna, usinunue kwa kazi moja. Kodi, au mlipe fundi mwenye nayo aje siku mbili wakati wewe umeshakata na kuandaa viraka vyote. Fundi wa namna hiyo hulipwa kwa ustadi wake, nawe usimpotezee muda kwa kukata viraka akiwa amesimama.

Kiraka kikae usawa mmoja na bati la zamani, si juu yake. Kikilalia, panabaki mfuko wa kushika maji. Acha mwanya mdogo kama unene wa bati lenyewe. Piga nukta moja juu, nyingine chini, ya tatu kushoto, ya nne kulia, kisha jaza katikati ya nukta ukiruka huku na huku, mpaka nukta ziguse. Weka kiganja. Kama huwezi kukiacha hapo, pumzika. Upinde wa kwanza niliuchomelea kwa mstari mmoja mrefu kwa sababu jua lilikuwa linazama, na asubuhi ubavu wote ulikuwa na mawimbi. Nililazimika kukata na kuanza upya. Upinde wa pili ulichukua Jumapili nzima kwa nukta zinazorukaruka, na haukuhitaji puti zaidi ya ile ya kufuta mikwaruzo.

Saga weldi kwa diski ya msasa, si jiwe nene, na usikae mahali pamoja hadi bati liwe la bluu. Nyuma ya kila weldi pitia tochi gizani. Ukiona mwanga unapenya, maji nayo yatapenya.

Kunyoosha na puti

Mbonyeo hutolewa kutoka pembezoni kwenda katikati, nyundo upande mmoja na kibonge laini cha chuma upande wa pili. Gonga kidogo, mara nyingi. Funga macho upitishe kiganja chenye glavu nyembamba ya pamba: mkono unaona wimbi ambalo jicho halilioni.

Sasa piga praima ya epoksi juu ya chuma kitupu, kabla ya puti. Wengi wanafanya kinyume. Puti inanyonya maji kama sponji, na ikilala moja kwa moja juu ya bati, unyevu ukifika pale kutu inaanza upya. Epoksi ikikauka vizuri, ipige msasa namba 180 ndipo uweke puti. Isizidi milimita 3. Ikihitaji zaidi, rudi kwenye nyundo. Hadina, yaani dawa ya kugandisha, ni karibu asilimia 2 ya puti, na kwa joto la Tanga linalokaribia nyuzi 32 unabaki na dakika chache tu kabla haijaganda, kwa hiyo changanya kidogo kidogo juu ya kipande cha kioo. Msasa namba 80 uliozungushiwa ubao mrefu, kisha 180, na kila mara mkavu. Msasa wa maji utumie juu ya praima tu, si kwenye puti iliyo wazi.

Ukimaliza, piga juu yake ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, usugue kwa ubao. Panapobaki weusi ndipo pana bonde.

Kufunga matumbo

Maungio yote, ndani na chini, pitishia gundi ya kuziba maungio juu ya epoksi. Usizibe vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango na vizingiti. Nimeona magari yaliyofufuliwa kwa fedha nyingi yakiwa yamezibwa vitundu vyote kwa usafi wa macho, na maji yakabaki humo yakichezacheza kila gari linapokata kona.

Ndani ya vizingiti na reli rangi haifiki. Baada ya rangi ya nje kukauka, nyunyiza nta kwa bomba jembamba lenye tundu ubavuni. Niliyeyusha nta ya nyuki juu ya sufuria ya maji ya moto, mbali na moto wazi, nikaiondoa jikoni kabisa, nikaichanganya na oili mpya na tapentaini hadi ikawa nzito kama uji mwepesi. Usitumie oili chafu, ina asidi.

Rangi

Rangi za kisasa zenye hadina ya isosianeti ni ngumu na zinang'aa, lakini mvuke wake unaharibu mapafu hata ya mtu mwenye afya, na barakoa ya vumbi haiuzuii. Hizo peleka kwa fundi mwenye oveni na vifaa vya hewa. Nyumbani nilipiga duko ya laka, isiyo na hadina hiyo, nikiwa nimevaa barakoa yenye vichujio vya mkaa, milango yote wazi, hakuna jiko la mkaa wala sigara karibu.

Duko na unyevu haviendani. Ukipiga asubuhi mapema au jioni, mvuke wa maji unakaa juu ya rangi inayokauka na uso wote unageuka mweupe kama umepakwa ukungu. Bati linatakiwa liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka matone. Nilianza saa nne asubuhi, nikaacha saa tisa alasiri, na kutumia tina, yaani kiyeyushi cha rangi, inayokauka polepole. Kompresa yenyewe inakusanya maji mengi hapa kwetu: fungua kizibo chini ya tangi kila asubuhi, weka mtego wa maji karibu na bunduki ya kupigia rangi, na tumia mpira mrefu ili hewa ipoe njiani.

Mwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Futa bodi kwa kitambaa chenye spiriti. Kwanza piga kwenye kipande cha bati ukutani. Shika bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, mkono uende sambamba na bodi bila kuchora upinde, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, uwe mwepesi. Nilipiga mikono 6, nikisugua kwa msasa wa maji namba 800 baada ya wa tatu. Kabla ya duko, praima iwe imesuguliwa kwa 400. Na kama chini pana rangi ya zamani ya mafuta, iondoe yote, kwa sababu tina ya duko itaikunja kama ngozi ya maziwa.

Acha wiki tatu, ndipo usugue kwa 1500, kisha 2000, umalizie kwa polishi na kitambaa cha pamba. Nililipaka jekundu, boneti jeusi, kwa ajili ya mjomba.

Kila masika ikikaribia, mwishoni mwa Februari, nainua boneti na kutoa majani chini ya kioo cha mbele, napitisha waya kwenye vitundu vya milango na vizingiti, namwaga ndoo ya maji ya bomba chini ya pinde za magurudumu. Kisha nalala chini na tochi, nangoja hadi kila kitundu kidondoke.